Siku Niliyopanda Kizimbani na Ufunguo Mfukoni

Barua zenu nimezisoma. Mmoja ameniita mnafiki, mwingine ameniombea dua, na mama mmoja ameandika kurasa tatu nzima kunieleza kwamba angekuwa yeye asingetia sahihi. Haya mama, hongera. Mimi nilitia.

Kwa aliyechelewa kuingia: jina langu Verna Demone, karani wa mawakili Selig na Rafuse hapa Port Ansel, Nova Scotia, mwaka wa thelathini na moja huu. Ofisi ilifunguliwa 1871, na sifa yake ni moja tu, kwamba wosia wake haujapata kuvunjwa na mahakama yoyote.

Siri ya sifa hiyo ni ufunguo. Mtu akija kutia sahihi wosia, mlango wa chumba unafungwa, ufunguo unawekwa mezani mbele ya macho ya wote, na hatoki mtu mpaka mwenye wosia na mashahidi wake wawili wamalize. Tukimfuata mgonjwa kwake, ufunguo uleule tunakwenda nao, tunauweka kando ya kitanda chake. Watu wa Port Ansel wakitaka kuapa kwamba jambo ni kweli tupu, husema, "Ufunguo uko mezani." Mtunza ufunguo ni mimi.

Wiki iliyopita niliwaambia nilivyoharibu. Februari mwaka jana, theluji magotini, tulikwenda kwa mzee Harris Wentzell aliyekuwa hoi kitandani. Alitaka nyumba yake imwendee Ida Knickle, mwanamke aliyemtunza miaka kumi na tisa bila pete wala cheti. Ida ni shoga yangu. Nilifika miguu imekufa ganzi, na bosi wangu, Bwana Lorne Selig, akaniambia nikae jikoni kwanza nipate joto, ataniita.

Hakuniita. Nikawa namenya viazi na Ida. Mara Bwana Lorne akatoka chumbani na karatasi mkononi, sahihi ya Harris ipo, na yake ipo.

"Amesinzia," akasema. "Tusimwamshe, maskini. Weka yako hapa chini ya yangu."

Nikaweka. Ufunguo ulikuwa mfukoni mwa koti langu. Siku kumi na moja baadaye Harris akafa, nami nikaapa kwa maandishi kwamba nilimwona kwa macho yangu akitia sahihi. Kisha akaibuka mpwa wake Carson kutoka Calgary, ambaye hata kadi ya Krismasi hakuwahi kumtumia mjomba, akaupinga wosia. Ukivunjwa, nyumba ni yake, na Ida anatoka na sanduku lake. Kesi ilipangwa Alhamisi.

Ndipo nilipoishia. Sasa msikie yaliyofuata.

Jumatatu niliingia ofisini nikiwa sijalala. Bwana Lorne alikuwa amenipa kazi nyingine juu ya kazi: kuandika kijitabu cha historia ya ofisi, kigawiwe kwenye sherehe za mji. Mambo yakikukalia kooni, ndipo unapoambiwa usifu.

Nikashuka kwenye chumba cha chuma tunakohifadhi wosia. Nilitafuta picha ya mzee Enos Selig, mwanzilishi, babu yake baba yake Bwana Lorne. Picha sikuipata. Nyuma ya rafu ya mwisho nikakuta daftari lake la ngozi, na maandishi yake yale ya kulala upande.

Nikafungua katikati. Ilikuwa Novemba 1879. Nitawaandikia kama nilivyosoma, maana nimelisoma mpaka nimelikariri.

"Leo nimemwambia jaji kwamba sikuwamo chumbani mjane Hirtle alipotia sahihi. Nilikuwa nje nikimfunga farasi. Wosia umevunjwa. Watoto wake watatu wametolewa nyumbani mvua ikinyesha. Kuanzia leo mlango utafungwa na ufunguo utakuwa mezani, ili nisisahau nilichofanya."

Nikakaa chini pale pale sakafuni.

Miaka yote hiyo tumewaambia wateja kwamba mzee Enos alikuwa mtu makini, ndiyo maana akaanzisha desturi ya ufunguo. Kumbe ilikuwa aibu. Na ile sifa ya ofisi, ile niliyoipiga taipu mwenyewe mara sijui ngapi, ilikuwa ya uongo tangu bibi yangu hajazaliwa.

Nikapanda nalo juu. Bwana Lorne alikuwa akila kipande cha pai ya tufaha juu ya mafaili, kama kawaida yake.

"Bwana Lorne, hili unalijua?"

Akalitazama. Akaweka uma chini.

"Baba alinionyesha siku niliyoanza kazi," akasema. "Akanionyesha mara moja, akalirudisha."

"Na sisi tunatangaza hatujavunjwa hata mara moja!"

"Punguza sauti, Verna."

"Mzee mwenyewe alisema kweli mbele ya jaji! Mzee mwenyewe!"

"Alisema, ndiyo." Akasimama, akafunga mlango. "Haya, niambie. Wale watoto wa Hirtle, kweli ya mzee iliwapa nini? Umesoma iliwapa nini?"

Nikalitazama daftari.

"Iliwapa mvua," akasema. "Sasa sikiliza. Harris aliutaka wosia ule. Mimi nilimsomea neno kwa neno. Mimi nilimwona akitia sahihi, akili zake timamu, hata akanitania kuhusu tai yangu. Wosia ni wa kweli, Verna. Uongo ni wewe kuwa upande gani wa mlango, basi. Kwa mlango tu umtoe Ida nje?"

Hapo ndipo aliponiweza. Mtu mbaya unampinga kwa roho nyeupe. Bwana Lorne si mtu mbaya. Alipokufa mume wangu Merle, yeye ndiye aliyekaa nami hospitalini mpaka asubuhi, akinishikia mkoba kama mjinga, hajui auweke wapi. Siku ile ya theluji alinihurumia miguu yangu na akamhurumia Harris usingizi wake. Huruma mbili hizo ndizo zilizotufikisha hapa.

"Na mimi nikisema kweli?" nikamuuliza.

"Kiapo cha uongo ni kifungo. Sijui miaka mingapi. Mimi leseni yangu imekwenda, na jina la ofisi limekwenda." Akakaa tena. Ghafla nikamwona amezeeka. "Sikutishi, Verna. Umeniuliza, nimekujibu."

Daftari akanirudishia mimi. Mpaka leo sijui kwa nini hakulifungia.

Jumatano mchana nikaenda kwa Ida. Nilimkuta jikoni akikata kabichi ya kuchachusha, pipa liko katikati ya miguu, mikono imejaa chumvi.

"Umekonda," akasema, "au ni hilo koti?"

"Ni koti."

"Muongo wewe."

Neno lenyewe likatuduwaza wote wawili. Akaendelea kukata.

"Nimeitwa na mimi kesho," akasema. "Wataniuliza ulikuwa wapi."

"Najua."

"Ulikuwa pale." Akaelekeza kisu kwenye kiti cha dirishani. "Na viazi ulivimenya vibaya. Nusu ya kiazi ilikwenda na maganda. Nilikuwa nakutazama tu, nasema mgeni hasutwi."

Tukacheka. Tulicheka mpaka nikalia, na nilipoanza kulia sikuweza kuacha. Nikamwambia yote: daftari, mjane Hirtle, mvua. Nikamwambia nimeamua. Nitasema kweli, kwa sababu nimechoka, na kwa sababu mtu aliyeanzisha ofisi ile alisema kweli na dunia haikumwishia.

"Lakini nyumba utaikosa, Ida. Mimi ndiye nitakayekuwa nimekutoa."

Akaweka kisu chini. Macho yake yalizunguka: jiko, saa ya Harris, kofia yake bado imetundikwa msumarini mwaka mzima baada ya kuzikwa.

"Nitakwenda kwa dada yangu Bridgewater," akasema. "Ana chumba juu ya gereji. Kina harufu ya petroli, lakini mtu huzoea." Kisha akauliza, "Na wewe? Watakufunga?"

"Huenda."

"Una miaka sitini na mbili, Verna. Na nyonga hiyo mbovu."

"Jela nako nadhani wana viti."

Nilitaka acheke. Hakucheka. Akafuta chumvi mikononi, akanishika uso kwa viganja vyake vya baridi, akanitazama kama anayenipima nguo.

"Basi sote tuseme kweli, yaishe," nikamwambia. "Tumekubaliana?"

"Kesho vaa kitu cha joto," akasema. "Ile mahakama ni barafu."

Nilidhani amekubali. Sasa nikikumbuka, hakusema ndiyo. Hakusema kabisa.

Alhamisi kweli mahakama ilikuwa barafu. Kwa kawaida mashahidi hungoja nje kwenye korido, wasisikie wenzao wanasema nini. Lakini hita ya korido ilikuwa imeharibika tangu wikiendi, na jaji, mzee mmoja mwenye mafua, akasema hatakubali mtu afe kwa nimonia kwenye jengo lake. Wote tuingie ndani. Wakili wa Carson, Bwana Prescott kutoka Halifax, hakupinga. Mtu wa sauti ya chini sana huyo, unainama ili umsikie, na ukiinama umekwisha.

Nusu ya Port Ansel ilikuwa benchi za nyuma. Hawakuja kwa ajili ya Ida wala Carson. Walikuja kuona kama Selig na Rafuse wataanguka, maana kila mmoja wao ana wosia wa baba yake kwenye kile chumba cha chuma. Wakivunja mmoja, nani atalala?

Bwana Prescott akaomba Ida atangulie.

Ida akapanda na gauni lake la kanisani. Aliapa kwa sauti kavu. Nikajikaza kisabuni. Nikajiambia, Verna, anasema yeye, kisha unasema wewe, kisha mnatoka nje mkiwa maskini wawili wenye dhamiri safi.

"Bibi Knickle," Bwana Prescott akaanza polepole, "siku ya wosia ulikuwa wapi?"

"Jikoni."

"Peke yako?"

Ida akaweka mikono juu ya ubao wa kizimba. Nikafumba macho.

"Peke yangu," akasema.

Nikafumbua macho.

"Bibi Demone hakuwa nawe?"

"Verna alipitiliza moja kwa moja chumbani, yeye na Bwana Lorne. Alikuwa na Harris mpaka mwisho."

"Una hakika, Bibi Knickle? Umekula kiapo."

Ida akamtazama usoni. Mwanamke huyo, nawaambia, aliwahi kutembea maili mbili kurudi dukani kurudisha limau moja aliloongezewa kwa makosa. Sijapata kumsikia akidanganya hata umri wake.

"Ufunguo uko mezani," akasema.

Benchi za nyuma zikapumua. Mtu mmoja akasema, "Basi." Kwao kesi ilikwisha hapo. Bwana Lorne, mbele yangu, alikuwa ameinamisha kichwa, na shingo yake imekuwa nyekundu.

Mimi mwili wote ulikufa ganzi kama siku ile ya theluji. Maana nilielewa. Ida hakudanganya kwa ajili ya nyumba. Angeitaka nyumba kiasi hicho, jana angenipigia magoti. Alidanganya ili mimi nisifungwe. Alikuwa amekaa usiku kucha akipima nyonga yangu na roho yake, akaona bora apoteze roho.

Na mimi nilikuwa nimekuja kusema kweli.

Niisemeje sasa? Kweli yangu ya jana ilikuwa inamtoa Ida nyumbani. Kweli yangu ya leo ilikuwa inampeleka jela yeye, mbele ya mji mzima, na neno la mji kinywani mwake.

"Bibi Verna Demone."

Nikapanda. Nyonga ililia kila ngazi. Nikaapa. Carson alikuwa amekaa mstari wa mbele na buti zake za kule Calgary, akitafuna peremende.

Nilingoja Bwana Prescott aniulize nilikuwa wapi. Hakuniuliza. Alichukua karatasi mezani, akaisogeza karibu na miwani, kisha akaniuliza kama anayeuliza saa ngapi:

"Bibi Demone, unaweza kutukumbusha, Bwana Wentzell alitia sahihi kwa mkono gani?"

Mkono gani?

Nilikuwa sijamwona Harris tangu vuli. Ugonjwa ulipomzidi hakutaka kutazamwa, na siku ile mlango wake sikuukaribia. Maisha yake yote alitumia mkono wa kulia, mji mzima unajua. Kulia lilikuwa karibu kunitoka. Lakini kwa nini aulize? Na ile karatasi aliyoishika, yenye msalaba mwekundu wa hospitali, ni ya nini?

Nikamtazama Ida. Sikukusudia. Macho yalikwenda yenyewe.

Ida hakunitazama. Alikuwa anaangalia dirishani, kwenye theluji. Taratibu akainua mkono wa kushoto, akaupeleka kwenye kola ya gauni, akaushikilia pale. Wa kulia akauficha mapajani na kuukunja kama kitu kilichovunjika.

Ida wangu wa limau moja. Sasa alikuwa ananipenyezea jibu kwa wizi mbele ya jaji.

"Bibi Demone? Mkono gani?"

Jibu nilikuwa nalo. Neno moja: kushoto. Nikilitamka, Ida analala kwake leo, na kofia ya Harris inabaki msumarini. Bwana Lorne anamaliza uwakili wake kwa heshima. Kijitabu kinachapwa kama kilivyo. Mimi narudi kwenye taipu yangu. Na Ida anabeba uongo huo mpaka kaburini, yeye aliyekuwa hajawahi kubeba hata limau la mtu.

Jasho likanitoka na baridi ile. Nikatia mkono mfukoni kutafuta leso.

Nikaushika ufunguo. Asubuhi nilikuwa nimeutia mfukoni kwa mazoea, kama ninavyofanya kila siku ya kazi kwa miaka thelathini na moja.

Nikautoa. Nikauweka juu ya ubao wa kizimba. Ukagonga, kidogo tu, lakini hakuna mtu wa Port Ansel asiyeijua sauti ile. Bwana Lorne akafunika uso kwa mikono.

"Hicho ni kitu gani?" jaji akauliza.

"Ufunguo wa ofisi, Mheshimiwa. Wa kutilia sahihi wosia."

"Umeulizwa habari za mkono, mama."

"Nimesikia, Mheshimiwa. Lakini kwetu mtu anasema ufunguo ukiwa mezani. Na siku ile ufunguo huu haukutoka mfuko—"

"Verna!"

Miaka yote ya urafiki wetu Ida hajapata kunipigia kelele. Alikuwa amesimama, mkono wa kushoto bado umeng'ang'ania kola, na machozi yanamtiririka mpaka kidevuni.

"Verna, nyamaza! Mimi nimekwisha kuapa!" akasema. "Nimekwisha kuapa mimi!"

Jaji akavua miwani. Hakunitazama mimi. Alimtazama Ida.